Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine ya Karanga

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Joto la kuchemsha ubongo. Wilaya nzima ya Yunlin inatokota. Lakini ndani ya chumba changu ni Januari.

Nasema chumba changu. Mlangoni kumeandikwa Klabu ya Sayansi na Ufundi, na mlezi wake ni mimi, Liao Chin-fa, mwalimu wa jiografia. Watu huuliza mwalimu wa jiografia kaingiaje kwenye mambo ya mota na nyaya. Jibu liko ukutani: kiyoyozi. Ndicho pekee kinachofanya kazi jengo lote la chini. Nilikiona siku ya kwanza nilipohamia shule hii, nikajitolea kulea klabu papo hapo. Wenzangu wakausifu moyo wangu! Sikuwakatalia.

Leo mkutano wa walimu, na balaa. Mwalimu Mkuu Hsieh katangaza kwamba klabu yangu haijawahi kuleta hata cheti. Tukirudi mikono mitupu kutoka maonyesho ya sayansi ya wilaya, tarehe 25, chumba kinakwenda kwa Klabu ya Kuvuta Kamba. Sisi tutahamia stoo ya mafagio. Stoo ile haina hata soketi. Klabu ya ufundi bila soketi! Hiyo si kuhamishwa, ni kuzikwa.

Mlezi wa kuvuta kamba ni Kao Mei-chu, anayekaa meza ya pili kutoka kwangu. Mabega kama kabati. Timu yake imevuta mpaka mashindano ya taifa na hasahau kutukumbusha. Wakati wa kutoka kaninong'oneza: "Liao, anza kutafuta kipepeo kaka yangu. Cha mkono, cha kujipepea."

Nikacheka kwa dharau. Ndani nilikuwa nalia.

Watoto wangu wana mashine moja tu, ya kuchambua karanga. Mnyororo wa baiskeli, mota ya feni mbovu, maboksi. Karanga zinapita kwenye mkanda, feni ndogo inapuliza makapi kushoto, karanga nzima zinaanguka kulia. Hufanya kazi ikijisikia. Ching-yun, msichana wa kidato cha pili mwenye macho ya polisi, kaniuliza kwa nini mota inachoka ikipata joto. Nikamwambia mwalimu mzuri hamtafunii mwanafunzi. Akanitazama muda mrefu kupita kiasi. Mtoto huyu sijampenda tangu mwanzo.

Nahitaji mpango.


Jumanne, tarehe 7 Mei

Mpango ninao! Rahisi mpaka nimejionea aibu kwa kuchelewa.

Pakiti ya kijani. Bisi za mahindi zenye ladha ya nazi, zile zile zinazowekwa juu ya mitambo benki, hospitali, stesheni ya treni. Nani asiyejua? Kijani, mashine inakuwa na adabu. Ya njano, mashine inalala. Na isiwe imepitwa na tarehe, wala isiguswe na meno. Mwaka juzi karani wetu alikula pakiti ya mashine ya kutoa kopi, mashine ikagoma mpaka akaletwa mbele yake kuiomba radhi. Nilikuwepo. Alilia.

Mimi ni mtu wa sayansi na mambo haya siyaamini. Lakini nilikagua tarehe ya pakiti mara mbili.

Nikaiweka juu ya faneli, pale karanga zinapomiminwa. Mashine ikapiga kazi alasiri nzima bila kukwama! Karanga kulia, makapi kushoto, kama askari kwenye gwaride. Nikawaambia watoto: mnaona? Uzoefu huo!

Ching-yun akauliza nimejuaje kwamba ni pakiti. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akasema macho yangu yameona pia Pin-chieh akikaza mnyororo mchana, mbona sisemi ni Pin-chieh? Pin-chieh, ambaye ni rafiki yake na muda wote ana kitu mdomoni, akainua mkono na kusema kweli, alikaza.

Basi wakaanza kunong'onezana. Nikaona moto unawaka machoni mwao. Nikajua hapa pana hasara.

Hasara ndiyo hii: hawataki tena kupeleka mashine kwenye maonyesho. Wanataka kupeleka swali. Je, pakiti inasaidia au haisaidii? Watapima!


Jumatano, tarehe 8 Mei

Usingizi sikupata. Jaji mkuu wa maonyesho ni mzee Weng, mhandisi mstaafu wa kituo cha umeme. Nimeulizauliza. Mzee huyu ana pakiti ya kijani juu ya jokofu la nyumbani kwake, na kila ikikaribia tarehe humwita mjukuu wake aibadilishe kwa mikono miwili. Sasa watoto wangu waende kumwambia amekuwa akiheshimu bisi? Ngao ya ushindi itapatikana wapi?

Nikajaribu kuwashawishi wajenge roboti inayoinama na kusalimia. Majaji hupenda kusalimiwa. Ching-yun akasema roboti inayosalimia haijibu swali lolote. Nikasema mbona inasema habari za asubuhi, hilo ni swali. Pin-chieh peke yake alicheka, na yeye hucheka chochote.

Wameshapanga. Maboksi mawili yanayofanana. Moja lina pakiti ya kijani, jingine ya njano, ili uzito na mlio viwe sawasawa. Yamefungwa kwa selotepu. Moja lina stika ya bata, jingine ya chura. Kayafunga nyumbani bibi yake Pin-chieh, ili shuleni asiwepo hata mmoja anayejua lipi ni lipi. Kila asubuhi Ching-yun atarusha sarafu, boksi lililoshinda linakaa juu ya mashine. Alasiri wanamimina karanga kopo baada ya kopo mpaka mashine ikwame, wanahesabu makopo.

Nikauliza kwa nini wasijue wenyewe. Ching-yun akasema mtu akijua, atadanganya hata asipotaka. Ana miaka kumi na minne! Kamjulia wapi mtu mbaya hivyo?

Hata hivyo, nikitulia, naona upenyo. Jaribio likionyesha pakiti ya kijani inasaidia kweli, mzee Weng atalia kwa furaha. Ngao yetu. Chumba changu. Kazi yangu ni kuhakikisha sayansi inatoa jibu sahihi.


Alhamisi, tarehe 9 Mei

Asubuhi nilipitia sokoni, kwenye kibanda cha bibi yake Pin-chieh anayeuza maziwa ya soya. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikasifu maziwa, nikasifu mjukuu, kisha nikachomekea kama mzaha: hivi, Bibi, ile ya kijani uliiweka kwa bata au kwa chura?

Bibi akafuta mikono taratibu. "Walinambia utakuja, Mwalimu," akasema. "Wakanambia ukija nikuuzie maziwa. Ya moto au ya baridi?"

Nikachukua ya baridi.

Lakini Liao Chin-fa hashindwi na bibi wa soya. Saa ya kulala mchana ndiyo mbinu! Baada ya chakula shule nzima inalala, vichwa juu ya madawati, walimu nao. Ukimya kama wa hekalu siku isiyo na sherehe. Nikaingia klabuni kwa vidole vya miguu, nikayatikisa maboksi. Yote yanachakarika. Nikayapima mkononi. Sawa. Nikayanusa.

Chura ananukia nazi!

Nilinusa tena mpaka nikapiga chafya. Nazi tupu. Kijani iko kwa chura. Watoto wamefikiria kila kitu isipokuwa pua yangu.

Mbinu yenyewe ni hii. Boksi langu la chakula leo lilikuwa na wali unaonata. Siku ya bata, yaani siku ya njano, napachika chembe moja ya wali kwenye meno ya gia. Chembe moja tu! Mnyororo ukizunguka inasagika, inakuwa gundi, mashine inakwama. Siku ya chura naitoa kwa kijiti cha meno. Basi. Sijavunja kitu. Sijaandika uongo popote. Naisaidia tu njano kuwa njano.

Sarafu ya leo ilisema chura. Nikaiacha mashine safi. Makopo yakapita mpaka karanga zikaisha.


Ijumaa, tarehe 10 Mei

Bata. Nikapachika wali wakati wa kulala. Mashine ikakwama kabla kopo la kwanza halijaisha. Pin-chieh akaugua kama mtu aliyefiwa. Mimi nikatikisa kichwa kwa huzuni ya kisayansi.

Ching-yun akaifungua gia, akachungulia kwa tochi, akafunga. Hajui pa kuanzia, maskini.

Kao kapita dirishani na timu yake wamejifunga taulo shingoni, wakauliza kama wanaweza kuja kupima ukuta wa kutundikia kamba zao. Nikawafungia kioo.


Jumatatu, tarehe 13 Mei

Bata tena. Wali tena. Imekwama tena. Nimeanza kuipenda sayansi! Unajua jibu mapema na bado watu wanashangaa.


Jumanne, tarehe 14 Mei

Chura. Kijiti cha meno kikafanya kazi yake. Mashine imetambaa laini kama hariri.

Kesho watafungua maboksi. Nimemwalika Mwalimu Mkuu Hsieh aje kushuhudia kwa macho yake. Nimemwalika na Kao pia. Nilitaka nione uso wake.


Jumatano, tarehe 15 Mei

Heri nisingeona uso wake.

Mwalimu Mkuu kaja, Kao kaja, na nusu ya timu ya kamba imejazana mlangoni kufaidi baridi. Nikatoa hotuba fupi kuhusu nafasi ya mila katika teknolojia. Nikasema matokeo yako wazi: siku za chura mashine ilikuwa mtiifu, siku za bata ilikuwa mzigo. Nikasema sasa tutaona chura ana nini. Nikampa Mwalimu Mkuu mkasi kwa mikono miwili.

Akakata selotepu. Akatoa pakiti.

Njano!

Kao akapasuka. Alicheka mpaka akashika mlango, mlango ukalia. "Liao," akasema akifuta machozi, "hebu jiwekee hiyo kichwani, labda nawe utaanza kufanya kazi!" Timu nzima ikaangua kicheko.

Njano! Inayolaza mitambo! Nimekwenda kuthibitisha mbele ya mkuu wa shule kwamba pakiti ya njano inatia mashine adabu. Mzee Weng akisikia atatufukuza na viatu vyetu.

Ile nazi je? Nikamvuta Pin-chieh pembeni, nikamuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Akasema siku ya kuleta maboksi alikuwa anakula peremende za nazi njiani, labda mikono ilinata kwenye lile la chura. Akaniomba radhi. Akanipa peremende moja. Nikaila, kwa sababu nilihitaji kitu.

Jambo la ajabu ni Ching-yun. Wengine wote wanashangaa, yeye anafikiri. Akasema mbele ya wote kwamba tofauti ile ni kubwa mno, bisi haziwezi. Kuna kitu kingine kinaingia kwenye mashine, na kazi sasa ni kukitafuta. Mwalimu Mkuu akasema hilo ndilo jambo la kwanza la maana alilosikia kutoka chumba hiki. Alikuwa ananitazama mimi aliposema.


Alhamisi, tarehe 16 Mei

Wanarudia upya. Bibi kafunga maboksi mengine: ndege na samaki. Pin-chieh kanawishwa mikono na watu wawili.

Safari hii sikunusa. Nilipata bahati! Nilikuwa koridoni nikawasikia Ching-yun na Pin-chieh wakizungumza, tena bila hata kushusha sauti, kwamba Bibi kateleza ulimi na ya kijani iko kwa samaki. Mtoto mwenye akili kiasi kile, na hajui kuchungulia kama mwalimu yuko nyuma ya mlango!

Basi samaki safi, ndege wali. Tumerudi kazini.


Ijumaa, tarehe 17 Mei

Watoto wameanza kunijali. Ching-yun kaniambia vumbi la karanga ni baya kwa mapafu ya watu wazima, kwa hiyo baadhi ya siku ingekuwa vizuri nilale mchana kwenye chumba cha walimu. Wameniletea na mto! Una maua. Leo nikalala huko, na mlango wa klabu wakaufunga kwa ufunguo, kwa ajili ya vumbi.

Nilijisikia vibaya kidogo kwa sababu ilikuwa siku ya ndege na wali wangu ulibaki kwenye boksi. Ndege akapita salama, sawa na samaki wa jana. Si neno. Siku moja haiharibu kitu.

Nimegundua watoto wakipendwa wanarudisha. Nimekuwa mlezi mzuri kuliko nilivyojisifu, na nilijisifu sana.


Jumatatu, tarehe 20 Mei

Leo nimeruhusiwa kulala klabuni. Ndege. Wali. Imekwama.

Mvua za plamu, zile za Mei zisizokatika, zimeanza, kila kitu kinanata isipokuwa chumba changu. Nimelala chini ya kiyoyozi na mto wa maua. Nikiikosa sehemu hii nitakufa, nasema kweli. Nimefundisha miaka mingi kwenye madarasa ambapo chaki ilikuwa inatoka jasho. Sitarudi huko.


Jumanne, tarehe 21 Mei

Jambo kubwa limetokea. Naandika haraka nisije nikasahau.

Chakula cha leo kilikuwa tambi. Tambi! Hakuna wali hata chembe. Na sarafu imesema ndege, na mimi ndani ya chumba, mikono mitupu. Kukata tamaa kukanijia. Nikasimama mbele ya mashine, nikaikodolea macho. Tu. Nikaikodolea mpaka machozi yakanitoka. Nikaiambia kimoyomoyo: kwama.

Alasiri ikakwama!

Sikuigusa. Naapa sikuigusa. Jana nilikuwa na haraka, nikatoka bila kuitoa ile chembe niliyopachika, lakini hiyo imeshakauka kama jiwe, haiwezi kuhesabika. Hapana. Hiki ni kitu kingine.

Nina nguvu.


Jumatano, tarehe 22 Mei

Wamepima siku ya mwisho, ya samaki, mimi nikiwa nimelazwa chumba cha walimu kwa ajili ya mapafu. Wakafungua maboksi wenyewe. Nilipouliza kijani ilikuwa wapi, Pin-chieh akasema kwa ndege. Kwa ndege! Nikamwambia si mlisema samaki? Akapaliwa na bisi. Ching-yun akampiga mgongoni na kuniuliza, kwa upole kabisa, nimesikia wapi.

Nikasema nimehisi.

Akasema asante Mwalimu, hilo tulikuwa tunalihitaji. Sikuelewa, lakini shukrani haikataliwi.


Jumamosi, tarehe 25 Mei

Maonyesho. Nilivaa shati la kijani, tai ya kijani na soksi za kijani, ili mzee Weng ajue anashughulika na watu gani. Jirani zetu walikuwa na roboti inayosalimia. Nikamwonyesha Ching-yun kwa kidole: unaona? Akasema inaanguka ikiinama. Kweli ikaanguka.

Mimi sikuwa nimeona bango letu mpaka lilipotundikwa. Kichwa chake: "Nini Hutokea Jaribio Likikaa Karibu na Mtu Anayetaka Sana Jibu Moja." Chini yake michoro miwili. Mmoja wa siku ambazo Mtu L alikuwa ndani ya chumba, mwingine wa siku ambazo hakuwepo. Siku ambazo hakuwepo, kijani na njano zimelingana kabisa. Siku alizokuwepo, lilifanikiwa kila mara lile boksi ambalo Mtu L aliamini ni la kijani, hata alipoamini vibaya. Mbele ya bango, kwenye kisahani cha kioo, chembe chache za wali uliokauka. Kibandiko: "Zimepatikana kwenye gia. Aliyeziweka hakuulizwa, kwa heshima."

Nikamtazama Pin-chieh. Pin-chieh akatazama dari.

Mzee Weng akasoma kila neno, mikono nyuma. Akauliza kama Mtu L alijua kuwa anapimwa. Ching-yun akasema hapana, na kwamba bila yeye wasingegundua chochote, yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote. Mzee akanigeukia. Akaangalia tai. Akaangalia soksi. Akaanza kucheka polepole, kisha ikabidi aletewe kiti.

Alipopata pumzi akauliza swali zito, na nikaona kwamba kwake si mzaha: ana pakiti juu ya jokofu, mkewe ndiye aliyeiweka ya kwanza, na sasa hayupo. Aitoe?

Ngao yote ilikuwa kwenye mdomo wa mtoto wa miaka kumi na minne asiyejua kusifia kitu.

Ching-yun akafikiri. Akasema: "Babu, haikusaidia mashine, haikuidhuru. Sisi tulipima mashine tu. Wewe iache."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akatoa kitambaa, akapenga kamasi. Kisha akasema amekuwa jaji miaka mingi na hajawahi kuona watoto wakimpima mwalimu wao bila kumvunjia heshima.

Ngao ya kwanza! Ngao ya kwanza ya wilaya! Nilirukaruka mpaka tai ikanikaba. Nikawakumbatia wote wawili, na nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma kwamba nililia, na si kwa ajili ya kiyoyozi peke yake. Ching-yun alinyooka kama fimbo, lakini alinipigapiga mgongoni mara moja.

Nikampigia Kao simu palepale. Nikamwambia: kipepeo tafuta wewe, dada yangu.


Jumatatu, tarehe 27 Mei

Paredi asubuhi. Ngao ikainuliwa. Mwalimu Mkuu Hsieh akatangaza kwamba chumba ni cha Klabu ya Sayansi na Ufundi moja kwa moja, na klabu sasa ina watoto wengi kuliko viti. Nikapiga makofi kuliko wote.

Kisha akasoma ombi la wanaklabu. Kwa kuwa mashine sasa itafanya kazi kutwa nzima, na kwa kuwa imethibitishwa na wilaya kwamba Mtu L akiwa chumbani vipimo vinapinda, wanaomba Mtu L aendelee kuwa mlezi wao mpendwa kutokea nje. Mwalimu Mkuu akasema hawezi kubishana na ngao.

Meza yangu sasa iko koridoni, chini ya dirisha. Juu ya dirisha ndipo kiyoyozi kinapotolea joto lake. Linanipiga kisogoni. Ndani ni Januari, naiona kupitia kioo. Pin-chieh amevaa sweta.

Kao alipita na timu yake. Akasimama. Nikajiandaa kwa maneno. Akaniwekea kipepeo mezani, akaenda. Hilo liliuma zaidi.

Nilipotoka kunawa uso nikakuta watoto wameniwekea kitu kwenye kiti. Pakiti ya kijani. Mpya, tarehe ya mbali, imekaa wima katikati kabisa ya kiti, kama inavyowekwa juu ya mtambo wa hospitali.

Nikaiinua kwa mikono miwili. Watu hawaweki pakiti ya kijani juu ya kitu cha hovyo. Wanaiweka juu ya kitu ambacho hawawezi kuishi bila kuwa nacho. Nikawapungia mkono kupitia kioo. Wote wakanipungia. Ching-yun pia, na alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue.

Nimekaa nikatafakari kwa kina, kama mtu wa sayansi. Wilaya nzima imekubali, na muhuri upo, kwamba mimi nikikaa karibu na mashine, mashine inabadilika. Wao wanasema ni wali. Lakini siku ya tambi je? Siku ya tambi sikuwa na wali! Hilo bango halikulijibu. Sayansi bado changa.

Ijumaa timu ya Kao inapimwa uzito kwa ajili ya mashindano ya taifa. Wakizidi hata kidogo, wameondolewa, na mtu aliyeondolewa atahitaji mwenzake wa koridoni. Mizani iko ukumbini, mahali pa wazi, na kuna benchi karibu yake. Nitakaa tu. Sitaigusa. Nitaikodolea.

Nilianza kusikia njaa nikiwaza haya. Nimeifungua pakiti, nimeila yote mpaka vumbi la chini. Tamu sana, ya nazi.